Walicheka Alipoanguka

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo na mjukuu wangu ameingia nayo. Nilisikia mlango unagongwa, nikaenda kufungua huku nikigomba, maana mtu mwenye akili hagongi mlango wa mwenzake saa ya chakula. Kumbe ni yeye, amelowa chapachapa, sanduku mkononi. Mtu ambaye picha yake imebandikwa kwenye kuta za mji mzima, amesimama kizingitini kwangu kama paka aliyeokolewa mtaroni.

"Mke wangu," akasema, "nyumba yangu inavuja. Nisitiri."

"Mume gani anarudi kwa mkewe mikono mitupu?" nikamjibu. Huo ndio utani wetu tangu alipokuwa mdogo, mama yake alipokufa nikabaki mimi kuwa mama, baba na bibi. Nimemlea kwa mikono hii. Watu wakimwona kwenye televisheni wanadhani aliota tu mahali, kama uyoga.

Nimempa chumba cha nyuma. Baadaye, nilipokuwa nasogeza ndoo chini ya tundu la bati, nikawaza: inayovuja ni nyumba yangu. Yake ina vigae vipya.  Mtu akirudi kwao haulizwi hati.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma mpaka darasa la tatu. Baba alisema inatosha, ilimradi niweze kusoma jina langu nisije nikazikwa kaburi la mtu mwingine. Lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari, na kila masika huwa naandika, kwa sababu mvua inanifungia ndani na kuta hazijibu nikizigombeza.

Mji unamwita mjukuu wangu Kitunguu, kwa kuwa anawatoa watu machozi ya kucheka. Ana michezo miwili inayojaza kumbi. Wa kwanza ni Mlevi. Anaingia jukwaani na chupa, miguu inagombana, mmoja unataka kwenda nyumbani, mwingine unataka kurudi baa. Wa pili ni Bibi. Bibi ni mimi. Anavaa gauni kama langu, anafunga kilemba kama changu, anabinua mdomo, halafu anawafokea watu waliolipa kiingilio: "Shika adabu yako! Adabu haiuzwi dukani!" Hayo ni maneno yangu, nimeyasema tangu yeye hajaota meno. Sasa watoto wa mtaa wananirushia mimi mwenyewe kana kwamba nimewaibia.

Sijakasirika. Ningekasirika kama angemwiga bibi mwingine.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimepewa kazi. Ile chupa ya jukwaani huwa inajazwa chai kavu, iliyochemshwa mpaka ipate rangi ya pombe kali. Mkewe ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Sasa ni mimi. Nimechemsha majani, nikachuja mara mbili kwa kitambaa, nikainua chupa dirishani. Rangi ya shaba, safi. "Bibi," akasema, "wenye viwanda wakikuona wewe watafunga." Nikajiona mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Ndoo imejaa, nimemwaga, imejaa tena.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikwenda kupimwa presha. Foleni ndefu, watu wamekaa wanakoholeana. Muuguzi aliponiona akapaza sauti: "Jamani, si Bibi wa Kitunguu huyu? Mama, pita mbele!" Nikapita. Mzee mmoja akanung'unika kwamba yeye yupo tangu alfajiri. Nikamwambia naye angelea mtu wa maana. Chumba kizima kikacheka, na mzee mwenyewe akacheka. Ndivyo ilivyo siku hizi, siwezi kumsema mtu akanuna.

Muuguzi anasema presha iko juu, nipunguze kugomba. Nikamwambia nikipunguza nitapasuka. Akacheka tena, akaenda kuwasimulia wenzake.

Jumamosi, 22 Machi

Mke wa mjukuu wangu amekuja. Mimi humwita mke mwenzangu, ndio utani wetu, ila kwake huwa nazidisha chumvi. Mwanamke mkavu. Anafundisha sekondari, na anazungumza na kila mtu kana kwamba anasahihisha mtihani. Kwa miaka sasa sijamwona akicheka mumewe anapochekesha, na hilo nimeliweka kifuani.

Hakutaka kuingia. Alisimama barazani na mwavuli wake, akanikabidhi mfuko wa mashati yaliyopigwa pasi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Ingia basi, au mvua ya kwangu inaroga?"

"Sikai. Nimekuja kukuomba. Mwangalie. Usiziamini chupa zake."

"Chupa nazijaza mimi, kwa mkono wangu."

Akanitazama. "Na mimi nilikuwa najaza kwa mkono wangu," akasema, akashuka ngazi.

Nikaufokea mgongo wake kwamba mwanamke anayemtoa mume nje masika yote asije kwangu kunifundisha kulea. Alifunga geti polepole, bila kelele. Hilo nalo liliniudhi.

Mjukuu wangu hakusikia kitu. Alikuwa amelala, na jua, kama lingekuwepo, lingekuwa utosini.

Alhamisi, 27 Machi

Mikono yake inatetemeka. Chai imemwagikia kitambaa cha meza. "Baridi, Bibi." Nimempa sweta la marehemu babu yake. Jasho linamtiririka ndani ya sweta, na mikono bado inatetemeka.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, sijui nianzie wapi.

Jana alirudi kutoka kwenye onyesho akalala na viatu. Begi aliliacha mezani, limelowa. Asubuhi nikatoa vitu nianike. Chupa ya jukwaani ilikuwa na chai iliyobaki, kama kikombe kimoja. Mimi si mtu wa kumwaga chai. Majani yananunuliwa, moto unanunuliwa. Nikaimimina kikombeni, nikakata kipande cha mkate, nikaketi barazani kutazama mvua kama malkia. Nikapiga funda kubwa.

Mungu wangu!

Koo liliwaka moto. Kikombe kikanitoka mkononi, nikakohoa mpaka nikashikilia ukuta. Na unajua nilidhani nini? Nilidhani ni sumu. Nilidhani kuna mshindani wake, mwenye wivu, amemtilia sumu kwenye chai yangu. Nikakimbilia chumbani, mimi na magoti yangu haya, kumwamsha nimwambie amka baba, wanataka kukuua. Nilipoinama kumtikisa bega ndipo harufu iliponipiga. Ni ileile ya kikombeni. Inatoka kinywani mwake, iko kwenye mto, iko kwenye sweta la mume wangu. Mwezi mzima nilikuwa naivuta harufu hiyo nikisema ni zile rangi wanazojipaka usoni jukwaani.

Nikatoka nje kwenye mvua bila mwavuli, nikazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya dirisha lake ukuta una michirizi ya kahawia, mipya juu ya mikuukuu. Ndiko chai yangu inakokwenda. Nachuja mara mbili, nainua dirishani nione rangi, na yeye anaumwagia ukuta, kisha anajaza yake.

Kwa hiyo Mlevi si mchezo. Ile miguu inayogombana ni miguu yake. Watu wamelipa kiingilio, nami nimekaa kiti cha mbele nikapiga makofi. Tumemtazama mtu akizama, tukasema oneni anavyoogelea.

Jumanne, 8 Aprili

Nilingoja mpaka awe macho kabisa. Nikaweka chupa mezani, katikati yetu.

"Hii ni nini?"

"Chupa, Bibi. Kama macho yamepungua twende tukapime."

"Ndani yake kulikuwa na nini?"

Akaegemea kiti. Nikauona uso wake unageuka, nikajua ni nani anakuja. Akabinua mdomo, akashika kiuno, akasema kwa sauti yangu: "Kulikuwa na chai! Unaniuliza mimi habari za chupa? Mimi niliyekulea kwa mikono hii? Shika adabu yako, mwanamke!"

Nikacheka. Sitaki kudanganya karatasi. Ilinitoka kama chafya. Naye akacheka, akanibusu kipaji cha uso, akachukua mwavuli wangu akaondoka. Nikabaki mimi na chupa. Kila neno nililokuwa nimelinoa tangu Alhamisi, alikuwa amelisema yeye kabla yangu, tena vizuri kuliko mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimevunja chupa mbili. Ameleta ya tatu. Mvua haijakata tangu juzi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kwa mke mwenzangu. Nilijiapiza njiani kwamba siendi kuomba msamaha, naenda kuuliza.

Nyumba kavu. Hakuna panapovuja. Nikaomba nionyeshwe choo, nikakuta mlango hauna kitasa wala kufuli, kuna tundu tu limezibwa kwa kitambaa. "Alijifungia, akaanguka ndani," akaniambia kutoka jikoni, sauti ileile ya kusahihisha mtihani. "Fundi alikata kufuli kwa msumeno. Tangu hapo sikuweka jingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, Bibi. Ukasema nina wivu na kazi yake."

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka, nikaacha.

Akaketi. Mikono yake ina chaki kwenye kucha. Akaeleza bila kulia, na bora angelia. "Ukimsema, anakuiga. Ukilia, anaiga unavyolia. Nilimpeleka kwa daktari, daktari akamwambia ini limechoka. Yeye akawa ini. Pale pale, juu ya kitanda cha kupimia, akawa ini linaloomba likizo. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Tukarudi nyumbani bila hata dawa. Mimi niliacha kucheka, Bibi. Basi akaona nyumba hii haina watazamaji, akaja kwako."

"Na meneja wake? Yule kijana wa tai, anayenibebea mkoba?"

"Meneja ndiye aliyesema Mlevi anauzika kuliko Bibi."

Sijawahi kukaa kwa yule mwanamke zaidi ya kikombe kimoja. Leo nimekaa mpaka mvua ilipopungua.

Jumatatu, 21 Aprili

Juzi Jumamosi kulikuwa na onyesho kubwa, ukumbi wa watu elfu na zaidi, jioni. Nimepata nguvu ya kuandika leo tu.

Nilikuwa nimemwambia asiende. Nililala mbele ya mlango wa chumba chake kama mkeka. Akanivuka. Meneja akaja na gari, akaniambia, "Bibi, usiwe na wasiwasi, nitamwangalia kama yai." Nikasema basi nakwenda na mimi, kiti cha mbele, na chai nitambebea mwenyewe. Nikaibeba mapajani njia nzima. Nikampa chupa mkononi akiwa anapanda jukwaani, kwa hiyo najua ile ilikuwa chai. Kumbe alikuwa ameshajaza mwili wake kabla.

Mvua ilikuwa inapiga bati la ukumbi hata mtangazaji hakusikika. Taa zikawaka. Akaingia kama Mlevi. Miguu ikagombana. Watu wakaanza kupiga makofi kabla hajasema neno. Akajikwaa kiti, wakacheka. Akajaribu kukalia kiti kisichokuwepo, wakacheka mpaka sakafu ikatetemeka. Halafu akaanguka chali, kichwa kikagonga mbao. Nilisikia mlio ule ukiishinda mvua. Ukumbi mzima ukasimama kushangilia.

Mimi nilikuwa karibu. Niliona macho yake yamegeuka. Niliona koo linapanda na kushuka, na kinachotoka mdomoni kinarudi ndani. Mtu akitapika amelala chali anakufa. Nimeuguza wengi, najua.

Nikapanda zile ngazi. Sijui nilipandaje. Nikapiga kelele: "Acheni kucheka! Mtu anakufa!"

Wakalipuka. Waliponiona na gauni langu na kilemba changu, wakadhani ndio mchezo wenyewe, leo Kitunguu amemleta Bibi halisi. Wengine walipanda juu ya viti.

"Wapumbavu nyie!" nikawaambia. "Hamna adabu?"

Ukumbi wote, watu elfu kwa sauti moja, ukanijibu: "ADABU HAIUZWI DUKANI!"

Nikamtazama meneja pembeni mwa pazia. Anacheka. Amenyoosha kidole gumba juu, ananionyesha nimefanya vizuri.

Hapo nilielewa kwamba sina mdomo. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, kila nikifungua mdomo inatoka sauti ya mjukuu wangu. Nikasema "Daktari! Iteni daktari!" na mwanamke wa kiti cha mbele akamwangukia mwenzake kwa kucheka, machozi yanamtoka.

Basi nikanyamaza. Nikapiga magoti. Nikamgeuza ubavu, mzito kama gunia la maji, nikaingiza vidole viwili kinywani mwake nikatoa kilichokuwa kinamziba. Sikuwa na kitambaa. Nikavua kilemba, mbele ya watu elfu, na mvi zangu na upara wangu wa katikati ambao hata marehemu mume wangu hakuujua vizuri, nikamfuta nacho uso. Sikusema neno. Nikasikia kicheko kinakatika kuanzia viti vya mbele kwenda nyuma, hivyohivyo, mstari kwa mstari, hadi ikabaki mvua na mtu mmoja juu kabisa aliyekuwa hajaelewa.

Kisha nikasikia viatu vinakimbia kwenye njia ya katikati. Ni mke mwenzangu. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, hakumwambia mtu. Alipofika alikuwa tayari ameita gari la wagonjwa. Ameniambia jana kwamba aliita tangu mumewe alipojikwaa kiti, maana yeye anaujua ulevi wake na anaujua mchezo wake.

Yuko hai. Ndivyo walivyotuambia hospitali. 

Ijumaa, 25 Aprili

Ameamka vizuri leo. Daktari akasimama miguuni pa kitanda na karatasi, akaanza: ini, damu, ukiendelea hivi huoni masika mengine. Nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda. Mjukuu wangu akasubiri amalize, akasema kwa kile kisauti chake dhaifu, "Daktari, kwani masika mengine yana kiingilio?"

Daktari akacheka! Mtu amesoma miaka yote ile!

"Ukicheka tena," nikamwambia, "nakuchapa na kiatu hiki hapahapa wodini."

Akacheka zaidi. Muuguzi naye akacheka. Nikatoka nikasimama koridoni nikiuma kilemba.

Jumapili, 4 Mei

Amekubali kuingia kwenye ile nyumba ya watu wanaoacha pombe, nje kidogo ya mji. Meneja ametupeleka kwa gari lake. Alipitia kwanza mahali wampige picha, eti watu wana wasiwasi. Sasa nikimtazama yule kijana na tai yake naona muuza nyama anayemfariji ng'ombe.

Geti la bluu. Mlinzi akaruka: "Kitunguu! Jamani, Kitunguu!" Na yeye akafurahi, nikaona mabega yanapanda. Akawachekesha getini, akawachekesha ofisini, wagonjwa wakatoka vyumbani, wapishi wakatoka na miiko. Alimwiga mlinzi, alimwiga mkuu wa nyumba, alimwiga meneja anavyofunga tai. Tulipoondoka walikuwa bado wanapiga makofi. Meneja akasema ameanza vizuri sana.

 Mimi na mke mwenzangu tukaangaliana kwenye kiti cha nyuma.

Jumapili, 11 Mei

Ametoroka.

Jumanne, 13 Mei

Yuko baa iliyo karibu na kituo cha mabasi. Haendi nyumbani kwake, haji kwangu. Analala kwenye stoo ya mwenye baa.

Nimekwenda leo mchana. Na hili ndilo lililonishtua kuliko ya ukumbini: hakuna anayemlazimisha. Hakuna mtu mbaya pale. Fundi baiskeli anaingia, anacheka kidogo, ananunua bilauri moja. "Kwa heshima, kaka, ulinichekesha mwaka ule nilipofiwa." Anakuja konda, moja. Mwalimu mstaafu, moja. Kila mtu moja tu, kwa mapenzi. Wakiondoka wanaona wametenda wema, na mjukuu wangu anakunywa mapenzi ya mji mzima mpaka anaelea.

Nikawafokea wote. Wakashangilia. Mmoja akaninunulia soda.

Jumatano, 14 Mei

Nimerudi na ufumaji wangu. Nimeketi meza yake, kiti cha mkabala, nikafuma. Sikumsalimu mtu, sikujibu mtu. Walipocheka sikuinua macho. Mwenye baa akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikafuma.

Ulimi ulikuwa unaniwasha kama upupu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimefuma. Mke mwenzangu amekuja akitoka shule, ameketi kando yangu, amesahihisha madaftari ya wanafunzi. Fundi baiskeli aliingia, akatuona, akanunua bilauri, akaishika mkononi. Akainywa mwenyewe akiwa amesimama, akaondoka.

Ijumaa, 16 Mei

Aliniiga leo nilivyonyamaza. Akabinua mdomo, akafuma hewa. Mtu mmoja akacheka kidogo kisha akakohoa. Kunyamaza hakuigiki. Ukiiga kunyamaza unabaki umenyamaza tu.

Jumamosi, 17 Mei

Leo baa ilikuwa na watu wachache, mvua nyembamba. Hakuna aliyemnunulia kitu. Mwenye baa alikuwa anafuta bilauri ileile muda mrefu. Mjukuu wangu mikono ilikuwa inacheza juu ya meza, midomo imepasuka. Akaniinamia.

"Bibi, sema basi."

Nikafuma.

"Mke wangu. Nigombeze. Niite mpumbavu. Nitukane, nakuomba, nitacheka au nitalia, ila sema."

Nilikuwa nayo. Wallahi nilikuwa nayo yote, kuanzia yale ya chai hadi ya kilemba, mengine yalikuwa mazuri sana. Niliyameza, na yalipita kooni vibaya kuliko lile funda. Mke mwenzangu chini ya meza alinishika goti.

Akaweka kichwa mezani. Nikadhani anaiga mtu anayelia. Nilingoja nione ni nani anayemwiga. Ikapita muda, sikumjua. Ndipo nikafahamu kwamba ni yeye mwenyewe, na kwamba tangu mama yake azikwe sijapata kukisikia kilio chake.

Sikumbembeleza. Nilisogeza kiti changu tu kando ya chake.

Jumapili, 18 Mei

Leo hatukumwita meneja. Tumekwenda kwa basi, sisi watatu, yeye dirishani.  Alitapika mara moja kwenye mfuko, mke mwenzangu akaufunga fundo kama mtu anayefunga vitafunio vya safari, akanipa mimi nimshikie. Abiria wa mbele aligeuka, akamtambua, akatabasamu. Akamwangalia vizuri, tabasamu likamwishia usoni.

Kutoka kituoni mpaka lile geti ni mwendo kidogo, na tope. Alitembea katikati yetu. Nilikuwa nahesabu moyoni mwangu mambo yote yatakayoharibika: atageuka, atakimbia, atatuomba tumrudishe kesho.

Mlinzi alikuwa yuleyule. Akatuona kutoka mbali, akatoka kibandani anasugua mikono, meno yote nje.

"Aa! Kitunguu! Ulituacha bila kuaga, bwana! Haya, kabla sijakufungulia, kiingilio: tuchekeshe kidogo."

Nikaona mabega ya mjukuu wangu yanaanza kupanda. Nikaona kona ya mdomo inavutika. Mke mwenzangu alinikamata mkono akaubana mpaka pete yake ikanikata. Sikusema. Sikupumua.

Mabega yakashuka.

"Kaka," akasema, "mimi ni mgonjwa. Nimekuja kulazwa."

Mlinzi akacheka. Akapiga paja, akatutazama sisi, mmoja mmoja, akitafuta mwenzake wa kucheka naye. Akacheka peke yake kidogo zaidi. Halafu akaacha, akaingia kibandani kuchukua funguo.